Nafuu Si Kupona: Maisha ya Alexander Fleming na Dawa Tunazozichanganya

Miongoni mwa watu ambao majina yao hutajwa darasani kwa haraka mno, kisha mwalimu akafungua ukurasa mwingine, ni Alexander Fleming. Mwanafunzi wa shule ya sekondari akiulizwa habari zake atajibu kwa sentensi moja au mbili: kwamba aliacha kisahani mezani, kikaota kuvu, na kuvu hiyo ikazaa penisilini. Jibu hilo hupata alama zake na mtihani ukaendelea. Mimi si daktari wala mwanakemia. Kazi yangu ni isimu, na riziki yangu naipata kwa kuyapima maneno. Hata hivyo nimeyasoma maisha ya bwana huyu mara kadhaa, na kila nisomapo nasadiki kwamba jibu hilo fupi limeacha nje jambo ambalo lingewafaa zaidi walimu na wanafunzi wetu, hasa wale wa shule za bweni, ambao aghalabu wanapougua huwa na dawa mbili mfukoni: moja waliyoandikiwa na daktari, na nyingine waliyojinunulia wenyewe dukani.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, kusini-magharibi mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mkulima aliyekwisha kula chumvi nyingi alipomwoa mama yake, baada ya mke wa kwanza kufariki, naye akaaga dunia mtoto akiwa na umri wa miaka 7 tu. Mvulana huyo alikwenda shule kwa miguu katika nyika yenye baridi, na wote walioandika habari zake wanakubaliana kwamba huko ndiko alikojifunza kutazama: nyayo za sungura, viota vya ndege, samaki walio chini ya jiwe. Alipofikisha umri wa miaka 13 hivi alipelekwa London kuishi na kakaye Tom, aliyekuwa daktari. Alisoma kidogo, kisha akafanya kazi ya ukarani kwa miaka 4 katika ofisi ya meli, kazi ambayo haikumpendeza hata chembe.

Urithi aliouacha ami yake ndio uliomtoa pale. Mwaka 1901 akajiunga na chuo cha udaktari cha Hospitali ya St Mary's, London, na yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alikichagua kwa sababu aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu yao. Alipofuzu mwaka 1906 alikusudia kuwa mpasuaji. Lakini wenzake wa klabu ya kulenga shabaha hawakutaka kumpoteza mlenga shabaha hodari, wakamtafutia nafasi katika idara ya Almroth Wright, bingwa wa chanjo, palepale St Mary's. Akabaki katika hospitali hiyo karibu maisha yake yote. Ajabu ya mambo ni kwamba watu hutaja bahati ya kisahani cha 1928 tu, ilhali bahati ilikwisha kumshika mkono zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo.

Wright alikuwa mtu wa maneno mengi, Fleming wa maneno machache mno. Mwalimu huyo aliamini kwamba mwili wenyewe ndio tabibu mkuu, na kwamba kazi ya daktari ni kuutia nguvu. Fleming alijifunza hapo kuziheshimu chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, lakini hakuifunga akili yake. Dawa ya Salvarsan ya Paul Ehrlich ilipotoka Ujerumani kwa ajili ya kaswende, Fleming alikuwa miongoni mwa wachache wa mwanzo waliowadunga wagonjwa dawa hiyo mjini London.

Ukweli ni kwamba sehemu ya maisha yake inayonigusa zaidi si ile ya kuvu, bali ya vita. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Wright na wasaidizi wake walipelekwa Boulogne, pwani ya Ufaransa, na maabara yao ikawekwa katika jumba lililokuwa la kuchezea kamari. Majeruhi waliletwa wakiwa na vidonda virefu vilivyojaa udongo, vipande vya chuma na vitambaa vya sare zao. Kawaida ya madaktari wakati ule ilikuwa kumimina dawa kali za kuua viini, kama vile asidi ya kaboliki, moja kwa moja juu ya kidonda. Kidonda kikaonekana safi, harufu ikapungua, kila mtu akapumua. Baada ya siku kadhaa wengi wa majeruhi hao wakafa kwa usaha uliokuwa ndani.

Fleming akataka kujua sababu. Alichukua mrija wa kioo, akauyeyusha na kuuvuta hata ukawa na miiba mirefu iliyo wazi kwa ndani, mfano wa kidonda chenye mapango na vichochoro. Akaujaza maji yenye viini, akayamwaga, akatia dawa kali, akaimwaga nayo, kisha akatia maji safi ya kukuzia viini. Usiku mmoja ukatosha kuonyesha kwamba viini vilivyojificha katika ncha za miiba vilikuwa hai kama kwamba hakuna lililotukia. Fauka ya hayo, akathibitisha kwamba dawa hizo kali ziliziua chembechembe nyeupe za damu upesi kuliko zilivyoviua viini. Yaani dawa iliyoaminiwa kutibu ilikuwa ikiwamaliza walinzi na kuwaacha wezi ndani ya nyumba. Yeye na Wright walishauri kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi, na nyama iliyokufa ikatwe. Wapasuaji wengi hawakuwasikiliza.

Tangu hapo, naona mimi, Fleming alikuwa na swali moja tu ambalo lilimfuata katika kila alilolifanya: je, kilichotulia juu kimetulia pia ndani?

Naomba ruhusa ya msomaji nilisimamishe simulizi hapa kidogo, kwa maana swali hilo linahusu lugha yetu pia. Neno dawa katika Kiswahili ni pana kupita kiasi. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya mapenzi kwa wanaoamini, na dawa ya mtu mtukutu, ambayo ni kiboko. Kinachotuliza na kinachotibu, kinachosafisha na kinachoua, vyote tunaviita kwa jina lilelile. Upana huo ni utajiri kwa mshairi, lakini mgonjwa unamponza. Mwanafunzi aliye na mafindofindo akipewa vidonge vya amoksisilini hospitalini, kisha akanunua parasetamoli njiani, kwake yeye hizo ni dawa tu, mbili badala ya moja. Akipata nafuu hajui ni ipi iliyomfaa, na aghalabu huisifu ile iliyofanya kazi haraka zaidi. Ile ya haraka huwa ni ya kutuliza.

Tofauti yenyewe si ngumu kueleza. Parasetamoli, aspirini na ibuprofeni haziui kiini chochote. Kazi yake ni kushusha homa na kupunguza maumivu. Aspirini na ibuprofeni hupunguza pia uvimbe. Namna aspirini inavyofanya hivyo ilielezwa na John Vane mwaka 1971: huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazochochea maumivu na homa. Viuavijasumu, navyo, haviondoi maumivu kwa vyenyewe. Huvishambulia bakteria, na maumivu huisha baadaye, adui akiisha kushindwa. Kwa hiyo parasetamoli humletea mgonjwa faraja kwa muda wa saa moja hivi, ilhali kiuavijasumu kinaweza kuchukua siku mbili au tatu kabla ya mgonjwa kuhisi tofauti. Katika siku hizo mbili au tatu ndimo mnamofanyika makosa mengi.

Turudi London. Baada ya vita Fleming aligundua, kati ya 1921 na 1922, kwamba kamasi na machozi ya binadamu yana kitu kinachoyeyusha baadhi ya bakteria. Alikiita lisozimu, na kwa kukitafuta aliwasumbua wenzake na wageni wa maabara kwa kuwatonea ndimu machoni ili watoe machozi. Kitu hicho hakikufaa kuwa dawa kwa kuwa viini kilivyoviua si vile vyenye madhara makubwa. Lakini kilimzoesha kutafuta kitu kinachodhuru kiini bila kumdhuru mwenye mwili.

Kwa hiyo aliporudi kutoka likizo mapema mwezi wa Septemba 1928 na kukiona kisahani kimoja cha bakteria wa usaha kikiwa kimeota kuvu, na pembeni mwa kuvu hiyo bakteria wametoweka, hakukitupa. Wengi wangekitupa. Aliikuza kuvu hiyo, akachuja maji yake, akayaita penisilini, na mwaka 1929 akachapisha matokeo. Jambo ambalo vitabu vya shule hulipuuza ni lile alilolipima mara tu baada ya hapo: je, maji haya yanaziua chembechembe nyeupe za damu? Ndilo swali la Boulogne. Jibu lilikuwa la. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu kilichowaua wezi na kuwaacha walinzi salama.

Hata hivyo hakuweza kukitakasa. Penisilini iliharibika upesi, na wasaidizi wake hawakufaulu kuitoa katika maji ya kuvu. Fleming aliihifadhi ile kuvu na kuwagawia waliomwomba, kisha akaendelea na mengine. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi sioni lawama, kwa kuwa hakuwa mwanakemia. Kazi hiyo ilingojea kundi la Oxford: Howard Florey aliyetoka Australia, Ernst Chain, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, na Norman Heatley, fundi wa kubuni vyombo, ambaye alikuza kuvu hata katika bakuli za kujisaidia wagonjwa wa kitandani. Tarehe 25 Mei 1940 waliwaambukiza panya 8 viini vya kufisha. Wanne walipewa penisilini na wanne hawakupewa. Wale wanne wasiopewa walikufa wote kabla hakujapambazuka.

Sasa nafika kwa mgonjwa ambaye kila mwalimu angepaswa kumtaja darasani. Aliitwa Albert Alexander, askari polisi wa Uingereza, aliyelazwa Oxford akiwa na maambukizi yaliyomla uso na kichwa hata akapoteza jicho moja. Mnamo tarehe 12 Februari 1941 alianza kudungwa penisilini. Kwa muda wa siku chache homa ikashuka, usaha ukapungua, akaanza kula. Lakini dawa iliyokuwepo duniani ilikuwa kidogo mno, na figo huitoa penisilini mwilini upesi. Watafiti wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaitoa penisilini humo na kumdunga upya. Hatimaye ikaisha kabisa. Viini vilivyosalia vikainuka tena, na tarehe 15 Machi 1941 akafariki.

Mtu yule alikatiza dozi kwa sababu dawa ilikuwa imekwisha. Sisi huikatiza ikiwa mezani. Nimewahi kumwona mwanafunzi wangu mmoja akimgawia mwenzake nusu ya vidonge vya kiuavijasumu kwa moyo mkunjufu kabisa, jinsi ambavyo angemgawia chapati, kwa hoja kwamba yeye amepata nafuu na mwenzake anakohoa. Ukarimu ni tunu yetu. Lakini nafuu aliyokuwa nayo kijana yule, nilivyofahamu baada ya kumdadisi, ilitokana na vidonge vya parasetamoli alivyokuwa akimeza kutwa kucha, na kikohozi cha rafiki yake kilikuwa cha mafua, ambayo huletwa na virusi. Kiuavijasumu hakiui virusi. Vidonge vile, kwa hiyo, havikumfaa mtoaji wala mpokeaji.

Nimelitaja neno kutwa, na hapa isimu yanidai haki yake. Katika vibahasha vya dawa huandikwa moja mara tatu kwa tarakimu, na anayekabidhi dawa husema kutwa mara tatu. Kutwa kwa maana yake ya asili ni tangu mapambazuko hadi machweo. Mgonjwa anayeuelewa usemi huo vizuri, naam, anayekijua Kiswahili, humeza vidonge vyake vitatu asubuhi, mchana na jioni, pamoja na milo, kisha akakaa usiku mzima bila dawa mwilini. Kumbe aliyeandika alikusudia kila baada ya saa 8. Ratiba hiyo ingekuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Dawa za jamii ya penisilini hazikai mwilini kwa muda mrefu, kama mkojo wa yule askari ulivyoonyesha. Pengo refu huvipa viini nafasi ya kupumua. Mwalimu wa zamu na matroni wangefanya jambo jema wakiwasaidia wagonjwa kuandika saa zenyewe, si idadi ya mara tu.

Ya kutuliza maumivu ina utaratibu mwingine kabisa, nao ni kwamba humezwa inapohitajika. Maumivu yakiisha, mtu huacha. Haina dozi ya kumalizwa. Ajabu ni kwamba tumelipindua jambo: tunaikatiza ile inayotakiwa kufuata ratiba, na kuimaliza pakiti nzima ya ile inayotakiwa kuachwa mara tu isipohitajika.

Je, ni salama kuzimeza pamoja? Kwa watu wengi, ndiyo. Parasetamoli haigombani na amoksisilini, na daktari mara nyingi huandika zote mbili katika cheti kimoja. Hatari iko katika kipimo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500, yaani gramu 4, katika saa 24, na kati ya kumeza na kumeza pawe na saa 4 au zaidi. Mwembamba sana, mlevi na mwenye ugonjwa wa ini wapewe pungufu ya hapo kwa ushauri wa daktari, na mtoto hupimiwa kwa umri au uzito. Wengi huzidisha bila kujua, kwa maana parasetamoli imo pia katika dawa nyingi za mafua na za kichwa zinazouzwa kwa majina mengine. Anayemeza Panadol pamoja na dawa ya mafua ya unga huenda anameza kitu kilekile mara mbili. Sumu yake huliharibu ini kimyakimya. Mtu anaweza kujiona mzima siku ya kwanza, na dalili zikaja baadaye ini likiwa limekwisha kuumia. Anayejua amezidisha aende hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja kuumwa. Na anayetibiwa kifua kikuu, ambaye dawa zake zenyewe hulipa ini kazi kubwa, amwulize daktari kabla ya kujizoesha parasetamoli.

Ibuprofeni na aspirini zinadai uangalifu zaidi. Hukwaruza tumbo, na ni afadhali zimezwe na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu, mwenye pumu inayoamshwa na dawa hizo, na mama mjamzito wasizishike bila kuuliza. Aspirini haifai kwa walio chini ya umri wa miaka 16 isipokuwa kwa amri ya daktari, kwa sababu inahusishwa na maradhi ya Reye, adimu lakini mabaya, yanayoshambulia ubongo na ini. Ibuprofeni ikikutana na kiuavijasumu cha siprofloksasini inaweza, mara chache, kuleta degedege, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye kifafa. Ikikutana na sindano za jentamisini huziongezea figo mzigo. Haya si ya kumtisha mtu. Ni sababu ya kumtajia mfamasia, kabla ya kulipa, kila kidonge ambacho tayari unakimeza, hata kile unachokiona kidogo.

Kuna na lile la homa. Daktari anapokupa kiuavijasumu, homa ni mojawapo ya njia zake za kujua kama dawa inafanya kazi. Ukiizima homa kila baada ya saa 4 kwa parasetamoli, kisha ukarudi siku ya tatu na kusema huna homa, umemnyang'anya taa. Mwambie ulimeza lini na ngapi. Na homa ikirejea kila mara kituliza-maumivu kinapoisha nguvu, siku mbili tatu baada ya kuanza kiuavijasumu, rudi hospitali, usiongeze vidonge. Upele, uvimbe wa uso au pumzi kukatika ni jambo la dharura, kwa sababu wapo watu ambao miili yao haistahimili penisilini.

Fleming mwenyewe alipata nafasi ya kuitumia penisilini ya Oxford mwaka 1942, alipomtibu mtu aliyefahamiana na ndugu yake. Mtu huyo alikuwa akifa kwa maambukizi ya utando wa ubongo. Florey alimpa Fleming penisilini yote aliyokuwa nayo. Sindano za kawaida zilipokosa kufika mahali pa ugonjwa, Fleming aliidunga katika uti wa mgongo, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanywa, na mgonjwa akapona. Lile swali la mrija wenye miiba lilikuwa bado linamwongoza: dawa imefika wapi? Baada ya hapo sifa zikamwagika. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1944, na mwaka 1945 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain.

Katika hotuba yake ya Nobel, tarehe 11 Desemba 1945, wakati dunia nzima ikishangilia, yeye alionya. Alihofia siku ambapo mtu yeyote ataweza kununua penisilini dukani. Akawapigia wasikilizaji mfano wa mwanamume asiyemtaja jina, aliyeumwa koo, akajinunulia dawa, akameza kiasi kisichotosha kuviua viini ila kilichotosha kuvifundisha kuistahimili dawa. Kisha mkewe akaambukizwa viini hivyo vilivyofundishwa, akashikwa na nimonia, akapewa penisilini, na ikashindwa. Mke akafa kwa kosa la mume. Hakuwa akibuni hofu: Abraham na Chain walikwisha kueleza mwaka 1940 kimeng'enya cha bakteria kinachoivunja penisilini. Kufikia 1948, katika hospitali moja ya London, zaidi ya nusu ya maambukizi ya bakteria wa usaha yaliyochunguzwa yalikuwa sugu.

Wapo wataalamu ambao tangu 2017 wamehoji kama kila dozi ndefu ina haja ya kuwa ndefu, na kwa baadhi ya maradhi imeonekana kwamba siku chache zinatosha. Nasikia watu wakiitumia habari hiyo kama kibali cha kuacha dawa wapendapo. Siyo. Wanaobishana wanabishana kuhusu idadi ya siku ambazo daktari ataandika. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba parasetamoli ndiyo itakayoamua. Mwaka 2019 pekee, vifo takriban 1,270,000 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Kenya ilitoa sera yake ya kitaifa kuhusu usugu huo mwaka 2017. Sheria inataka viuavijasumu viuzwe kwa cheti cha daktari. Mtu akizunguka maduka machache ya dawa mtaani bila cheti ataona mwenyewe sheria hiyo inavyoheshimiwa.

Miaka ya mwisho ya Fleming ilikuwa ya safari, shahada za heshima na picha za magazeti, mambo ambayo mtu mkimya kama yeye aliyavumilia kwa tabasamu dogo. Mkewe wa kwanza, Sarah, alifariki mwaka 1949; mwaka 1953 alimwoa Amalia, daktari Mgiriki aliyefanya kazi naye katika maabara. Wanafunzi wa Edinburgh walimchagua kuwa Rekta wao mwaka 1951. Tarehe 11 Machi 1955 moyo wake ulisimama ghafla nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 73, na majivu yake yakazikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's. Dawa ya maumivu aliyoizoea yeye na watu wa zama zake ilikuwa aspirini. Ibuprofeni hakuiona. Parasetamoli ilianza kuuzwa nchini Uingereza kwa jina la Panadol mwaka uliofuata, 1956, na mwanzoni haikutolewa ila kwa cheti cha daktari.